Ligi iliyokosa uwanja: Jinsi soka ya Haiti ilivyofika Kombe la Dunia bila kucheza nyumbani

USIKU wa Novemba 18, 2025, katika mji wa Willemstad kisiwani Curaçao, timu ya taifa ya Haiti iliifunga Nicaragua mabao 2-0 na kukata tiketi ya fainali za Kombe la Dunia za mwaka 2026. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa nchi hiyo kufuzu tangu mwaka 1974. Kwa Wahaiti, tarehe yenyewe ilikuwa na uzito wake, kwani Novemba 18 ndiyo siku ambayo mwaka 1803 mababu zao waliokuwa watumwa walilishinda jeshi la Ufaransa katika mapigano ya Vertières, na wiki chache baadaye wakatangaza uhuru.

Katika kumbukumbu za mashindano, mechi hiyo imeandikwa kuwa Haiti walikuwa wenyeji. Hata hivyo, Willemstad iko umbali wa kilomita zipatazo 800 kutoka Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Timu hiyo haikuwa imecheza katika ardhi yake tangu mwaka 2021. Kocha wake, Mfaransa Sébastien Migné, alikuwa hajawahi kukanyaga Haiti tangu alipopewa kazi hiyo mwaka 2024.

Migné si mgeni kwa wapenzi wa kandanda wa Afrika Mashariki. Ndiye aliyekuwa na timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, katika fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2019 nchini Misri, ambako vijana wake waliwalaza Taifa Stars ya Tanzania mabao 3-2. Alipokuwa Kenya, angeweza kwenda uwanjani mwishoni mwa wiki na kuwatazama wachezaji wa ligi ya nyumbani kwa macho yake. Kwa Haiti hakuwa na nafasi hiyo. Aliteua kikosi kwa simu na kwa picha za video, na karibu wachezaji wake wote walikuwa wakicheza ng'ambo.

Hapo ndipo linapozuka swali. Nchi inawezaje kufika Kombe la Dunia huku ligi yake kuu ikiwa haina mahali pa kuchezwa? Na je, ushindi wa namna hiyo unamaanisha kwamba ligi ya nyumbani si kitu cha lazima?

Chui Mzee na Simba Mzee

Ligi Kuu ya Haiti si changa. Shirikisho la soka la nchi hiyo liliundwa mwaka 1904, na ligi ya taifa ilianza mwaka 1937, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado chini ya wakoloni. Klabu mbili za Port-au-Prince zilizokwishazaliwa kabla ya hapo ndizo zilizoijengea ligi hiyo jina: Violette, iliyoanzishwa mwaka 1918, na Racing Club Haïtien, ya mwaka 1923. Mashabiki huiita ya kwanza Chui Mzee na ya pili Simba Mzee, na zilipokutana mji uligawanyika pande mbili.

Baadaye ziliongezeka nyingine. Aigle Noir ilitoka mtaa wa Bel-Air, katikati ya mji mkuu. Don Bosco ilikuwa timu ya Pétion-Ville, kwenye vilima vilivyo juu ya jiji. Kwa miongo mingi klabu za Port-au-Prince ndizo zilizotawala, na mikoa ilichukua muda kupata sauti.

Uwanja wao mkuu ulikuwa Sylvio Cator, ulio katikati ya Port-au-Prince. Jina hilo ni la mwanariadha aliyeshinda medali ya fedha katika mchezo wa kuruka chini kwenye Olimpiki za Amsterdam mwaka 1928, na mwaka huohuo akaweka rekodi ya dunia ya mita 7.93. Cator alikuwa pia mchezaji wa soka, na baadaye akawa meya wa jiji hilo.

Ligi hiyo ilipata heshima hata nje ya mipaka. Racing Club Haïtien ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa la Shirikisho la Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani (CONCACAF) la mwaka 1963, na Violette ikalitwaa la mwaka 1984. Kwa haki, ni lazima isemwe kwamba katika mara zote mbili fainali haikuchezwa. Mwaka 1963 wapinzani wao, Guadalajara ya Mexico, hawakutokea, na mwaka 1984 Guadalajara hiyohiyo na timu moja ya New York ziliondolewa baada ya kushindwa kukubaliana tarehe za kucheza. Pamoja na hayo, mataji ni mataji, nayo yamo katika orodha ya mabingwa.

Kikosi kilichotoka mitaani mwao

Ushahidi mkubwa zaidi wa ubora wa ligi hiyo ulikuja mwishoni mwa mwaka 1973. Haiti iliandaa michuano ya CONCACAF iliyokuwa pia ya kufuzu Kombe la Dunia, mechi zote zikipigwa katika uwanja wa Sylvio Cator. Wenyeji walimaliza wa kwanza, mbele ya Trinidad na Tobago na Mexico. Michuano hiyo haikukosa manung'uniko: Trinidad na Tobago walilalamika vikali kwamba mabao yao kadhaa yalikataliwa katika mechi waliyofungwa na Haiti 2-1.

Lakini jambo la kuzingatiwa ni wapi wachezaji hao walitoka. Wengi wa waliopanda ndege kwenda Ujerumani Magharibi mwaka 1974 walikuwa wachezaji wa klabu za nyumbani: Violette, Racing, Aigle Noir, Don Bosco na Victory. Watu waliowashangilia walikuwa wakikutana nao sokoni na kanisani.

Juni 15, 1974 mjini Munich, mara baada ya kipindi cha pili kuanza, Philippe Vorbe wa Violette alimpenyezea pasi Emmanuel Sanon wa Don Bosco. Sanon aliwakimbia walinzi wa Italia, akamzunguka mlinda mlango Dino Zoff na kuukwamisha mpira wavuni. Zoff alikuwa amecheza dakika 1,142 za mechi za kimataifa bila kufungwa. Italia ilisawazisha na kushinda 3-1, kisha Haiti ikafungwa na Poland 7-0 na Argentina 4-1. Hata hivyo, bao lile limebaki kuwa urithi wa taifa, nalo lilitengenezwa na wachezaji wawili wa Ligi Kuu ya Haiti.

Jinsi ligi inavyoendeshwa

Ili kuelewa kilichoharibika, ni vema kueleza kwanza jinsi ligi hiyo ilivyokuwa ikiendeshwa katika miaka yake ya karibuni.

Kwa muda mrefu Ligi Kuu ilikuwa na klabu 16. Mwaka uligawanywa katika misimu miwili mifupi, kama ilivyo desturi katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini. Wa kwanza huitwa Ufunguzi na wa pili Ufungaji, na kila mmoja una bingwa wake. Mabingwa hao wawili hukutana kuwania Kombe la Mabingwa.

Utaratibu huo uliipa nafasi mikoa. Cap-Haïtien, mji mkubwa wa kaskazini, ulikuwa na FICA, AS Capoise na Zénith, na baadaye Real Hope iliyoundwa mwaka 2014. Saint-Marc ulijivunia Baltimore na Tempête, zilizocheza katika Parc Levelt. Léogâne, magharibi mwa mji mkuu, ulikuwa na Cavaly. Arcahaie, mji ambao kwa mujibu wa historia ndiko bendera ya Haiti ilikoshonwa Mei 18, 1803, nao ulipata timu katika daraja la juu.

Fedha hazikuwa nyingi. Klabu ziliishi kwa mapato ya mlangoni, misaada ya wafanyabiashara na ya wanasiasa wa eneo, na wachezaji wengi hawakuweza kutegemea mpira peke yake. Pamoja na hayo, ngazi ya kupandia ilikuwapo. Kervens Belfort alitoka Tempête ya Saint-Marc akaenda Le Mans ya Ufaransa mwaka 2011. Wilde-Donald Guerrier alitoka Violette akasajiliwa na Wisła Kraków ya Poland mwaka 2013. Kijana wa mtaani aliweza kuona njia kwa macho yake: timu ya mtaa, klabu ya ligi, timu ya taifa, kisha Ulaya.

Tetemeko la 2010

Pigo la kwanza lilitoka ardhini. Januari 12, 2010, tetemeko kubwa la ardhi liliiharibu Port-au-Prince na miji jirani, Léogâne ikiwa miongoni mwa iliyoumia zaidi. Jengo la makao makuu ya shirikisho la soka lilianguka na kuua watu wapatao 30, akiwamo kocha wa vijana wa chini ya miaka 17, Jean-Yves Labaze. Makocha, waamuzi na viongozi walizikwa katika kifusi kimoja. Uwanja wa Sylvio Cator uligeuka kambi ya watu waliopoteza nyumba, mahema yakasimikwa mahali ambapo Sanon alikuwa akicheza.

Ligi ilirudi. Uwanja ulikarabatiwa na mashabiki wakarejea. Kwa hiyo si kweli kwamba ni tetemeko lililoiua soka ya Haiti. Maafa yale yalidumu kwa sekunde, na baada yake watu waliweza kujenga upya. Kilichofuata ni maafa ya aina nyingine, yasiyo na siku ya mwisho.

Barabara zilipofungwa

Ligi ya taifa ni zaidi ya timu na mpira. Ni barabara. Kila mwisho wa wiki nusu ya klabu hupanda mabasi kwenda ugenini, na ikiwa basi haliwezi kupita, ligi haipo. Hilo ndilo lililotokea Haiti.

Mwaka 2019 maandamano dhidi ya serikali yaliifunga nchi kwa wiki kadhaa. Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa Korona. Mwishoni mwa mwaka huo Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) liliweka kamati maalumu ya kuendesha shughuli za shirikisho la Haiti. Juni 2021 magenge yenye silaha yaliuteka mtaa wa Martissant, ambako ndiko inakopita barabara kuu inayotoka Port-au-Prince kwenda kusini. Kuanzia hapo, safari ya kutoka mji mkuu kwenda Léogâne, mwendo wa kilomita zipatazo 30 tu, ikawa ya kuhatarisha maisha. Mwezi uliofuata, Julai 7, Rais Jovenel Moïse aliuawa nyumbani kwake.

Upande wa kaskazini hali haikuwa nafuu. Barabara ya kwenda Arcahaie, Saint-Marc na Cap-Haïtien hupita katika maeneo ambayo magenge yaliweka vizuizi vya kutoza fedha na kuteka watu. Kituo cha taifa cha mazoezi kilichoko Croix-des-Bouquets, nje kidogo ya mji mkuu, nacho kilijikuta ndani ya eneo linalotawaliwa na genge. Hivyo ligi ikawa inaanza na kukatika, ratiba zikifupishwa, na klabu zikikaa miezi bila mechi ya ushindani.

Miezi kumi bila mechi

Ajabu ni kwamba katika kipindi hichohicho klabu za Haiti ziliendelea kuushangaza ukanda wa Karibiani. Arcahaie iliitoa Forge ya Canada kwa mikwaju ya penalti na kufuzu kucheza Ligi ya Mabingwa ya CONCACAF ya mwaka 2021. Cavaly ya Léogâne ikawa bingwa wa klabu za Karibiani mwaka 2021, lakini ilipotakiwa kucheza na New England Revolution ya Marekani mapema mwaka 2022 ilijitoa kwa sababu wachezaji wake hawakupata viza. Mtu anaweza kushinda kila mechi iliyo mbele yake na bado akaondolewa na dirisha la ubalozi.

Kisha ikaja zamu ya Violette. Chui Mzee alitwaa ubingwa wa Karibiani Mei 2022, na baada ya hapo hakucheza mechi yoyote ya ushindani hadi Machi 7, 2023, alipokutana na Austin FC ya Marekani katika Ligi ya Mabingwa. Mechi hiyo ya "nyumbani" ilipigwa Santiago de los Caballeros, katika Jamhuri ya Dominika. Violette ilishinda 3-0. Katika marudiano huko Texas, baadhi ya wachezaji wake walikosa viza. Waliobaki walifungwa 2-0 na wakasonga mbele kwa jumla ya mabao 3-2. Walitolewa katika robo fainali na León ya Mexico, iliyokwenda kuwa bingwa wa mashindano hayo.

Wapo waliolitafsiri tukio hilo kuwa dalili kwamba soka ya Haiti inaweza kuishi bila ligi. Tafsiri hiyo haiko sawa. Wachezaji walioifunga Austin walikuwa wamepikwa katika miaka ambayo ligi ilikuwa ikichezwa. Violette ilikuwa ikila akiba, na akiba isiyoongezwa huisha.

Siku uwanja ulipotekwa

Mwishoni mwa Februari 2024, magenge ya Port-au-Prince yaliungana na kuanzisha mashambulizi makubwa. Vituo vya polisi vilichomwa, uwanja wa ndege ukashambuliwa, na maelfu ya wafungwa wakatoroshwa gerezani. Miongoni mwa sehemu zilizovamiwa ulikuwamo uwanja wa Sylvio Cator. Shirikisho lilieleza kwamba mfanyakazi mmoja alishikwa mateka kwa saa kadhaa.

Siku hizohizo, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Haiti, Ariel Henry, alikuwa Nairobi kutia saini makubaliano ya kupelekewa polisi wa Kenya. Hakuweza kurudi nyumbani, na hatimaye alijiuzulu akiwa nje ya nchi. Kikosi cha kwanza cha polisi wa Kenya kilitua Port-au-Prince Juni 25, 2024, kikiongoza ujumbe wa kimataifa uliopewa baraka na Umoja wa Mataifa. Septemba 30, 2025, Baraza la Usalama liliamua ujumbe huo ugeuzwe kuwa kikosi kikubwa zaidi cha kupambana na magenge.

Ukubwa wa kazi hiyo unaonekana katika takwimu za Umoja wa Mataifa. Zaidi ya watu 5,600 waliuawa katika ghasia za magenge mwaka 2024. Kufikia Juni 2025, watu wapatao milioni 1.3 walikuwa wameyakimbia makazi yao. Sehemu kubwa ya mji mkuu ilikuwa mikononi mwa wenye silaha, na ukatili ukaenea mikoani. Oktoba 2024 watu wengi waliuawa kwa wakati mmoja huko Pont-Sondé, karibu na Saint-Marc. Machi 2025 mji wa Mirebalais, nao wenye klabu iliyowahi kucheza Ligi Kuu, ulivamiwa.

Kwa hiyo anayeuliza kwa nini Ligi Kuu ya Haiti haichezwi kama zamani hana haja ya kutafuta sababu katika ufundi au uongozi peke yake. Mitaa iliyoziunga mkono klabu imehamwa. Mashabiki wamelala shuleni na katika viwanja vya wazi. Mchezaji anayetoka mazoezini hana hakika kama atafika nyumbani.

Kikosi cha ughaibuni

Timu ya taifa, kwa upande wake, ilipata chemchemi nyingine. Kwa miongo kadhaa Wahaiti wamehamia Marekani, Canada, Ufaransa na kwingineko, na watoto wao wamekulia katika shule za soka za huko. Duckens Nazon, mfungaji bora wa muda wote wa Haiti, ni mzaliwa wa Ufaransa. Wengine walizaliwa Haiti na kuondoka mapema. Hao ndio waliowatoa jasho Honduras na Costa Rica katika kundi lao na kumaliza kileleni.

Hakuna haja ya kuwatilia shaka uzalendo wao. Walicheza mechi zao zote za "nyumbani" ugenini na hawakulalamika. Usiku ule wa Novemba watu walijimwaga mitaani Port-au-Prince kushangilia, katika jiji ambamo kutoka nje usiku ni ujasiri. Furaha ile ilikuwa ya kweli na Wahaiti waliistahili.

Lakini tofauti na mwaka 1974 haifichiki. Wakati ule mafanikio ya timu ya taifa yalikuwa matunda ya mti uliopandwa nyumbani. Safari hii matunda yamechumwa katika bustani za watu wengine. Mtoto wa Bel-Air anayemtazama Nazon kwenye televisheni anaona shujaa, ila haoni njia ya kumfikia, kwa sababu ngazi ya kwanza imeng'olewa. Hata shabiki aliyetamani kwenda kuitazama timu yake alikwama: amri ya Marekani ya Juni 2025 iliwazuia raia wa Haiti kuingia nchini humo, ikiwaachia nafasi wachezaji, makocha na ndugu zao wa karibu kwa ajili ya mashindano hayo, si mashabiki.

Ligi ni ya nani

Tukirudi kwenye swali letu la mwanzo, jibu ni kwamba nchi inaweza kufuzu Kombe la Dunia bila ligi, iwapo ina watoto wa kutosha ughaibuni na kocha mwenye subira. Haiti imelithibitisha hilo. Lakini Kombe la Dunia huja kwa wiki chache kila baada ya miaka minne. Ligi ni ya kila Jumapili. Ndiyo inayompa kijana wa Cap-Haïtien sababu ya kuamka alfajiri kufanya mazoezi, muuza vinywaji wa nje ya Parc Levelt riziki yake, na mtu wa Léogâne nafasi ya kukutana na mtu wa Saint-Marc kwa ugomvi usiomwaga damu.

Siku basi la Cavaly litakapoweza kupita Martissant mchana kweupe, likiwa limejaa wachezaji na kelele za nyimbo, likaingia Port-au-Prince na kuegeshwa mbele ya Sylvio Cator, Wahaiti hawatahitaji mtu wa kuwaambia kwamba amani imerudi. Watajua wenyewe, kwa sababu kutakuwa na foleni ya kukata tiketi.